Mbuzi Wawili wa Ziada Kwenye Kadi ya Mzee Mwangangi

Niligundisha mbuzi mmoja. Mmoja! Kadi ilipofika Ikutha, mbuzi walikuwa watatu.

Usicheke bado. Hata mbuzi wa kweli huwa na adabu ya kubeba mimba kwanza.

Mimi ni Mbithi, natengeneza kadi za mkono hapa Wote. Nilijaribu kuku, wakafa. Nikajaribu bodaboda, nikakaribia kufa mimi. Karatasi angalau haina homa.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachovya brashi ya sponji kwa wino, kidogo tu. Unaanzia nje ya karatasi, unaingia ndani ukizungusha polepole. Njano inaingia kwa machungwa, machungwa inaingia kwa zambarau, na huoni mpaka. Ukiharakisha, jua linatoka kama kidonda.

Halafu kuna kale kamashine kangu, kana mkono wa kuzungusha kama ile ya kusaga nyama. Unaweka kibati chenye umbo juu ya karatasi ngumu, unapitisha. Krrr! Mbuzi anatoka na ndevu zake zote.

Watu hupita wakinichoma. "Mwanaume mzima anakata maua!"

Nawajibu, "Na wewe mwanaume mzima, lini ulimpea bibi yako hata jani?"

Kibanda kinachopakana na changu ni cha Wayua. Yeye hubandika wasichana kope za bandia, na ile gluu nyeusi. Nimempenda tangu siku alikuja kuniomba makasi. Shida ni moja: kila nikifungua mdomo nimwambie, kinachotoka ni, "Leo jua ni kali."

"Ni kali," ananijibu.

Basi. Penzi limeishia kwa hali ya hewa.

Siku moja akaja akicheka mpaka akashika ukuta.

"Mbithi, baba amepigwa na mbuzi."

"Asi! Si yeye ndio huuza mbuzi?"

"Huyo beberu alikuwa anauzwa, naona hakupenda. Sasa baba yuko nyumbani Ikutha, mguu kwa plasta. Nitengenezee kadi ya pole. Na uweke mbuzi."

"Mtu amevunjwa mguu na mbuzi, unampelekea mbuzi?"

"Wewe weka. Baba yangu namjua."

Nikachapa kazi. Jua la Ikutha linazama, kilima chini, beberu mmoja juu yake. Huyo nilimwekea vipande vya sponji mgongoni ndio ainuke kwa karatasi, na pembe nikaifunga bandeji. Wawili wengine nilikuwa nimewaharibu rangi, nikawaacha kwa meza na mabaki. Nyuma nikapiga muhuri: Mbithi wa Kadi, Wote, na namba ya simu.

Wayua alikuja kuchukua nikiwa nafagia. Akashikashika vitu pale mezani, akaenda. Nikamwambia jua ni kali.

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Wewe ndio Mbithi wa kadi?"

Nikajua ni mteja. "Ndio boss! Harusi, birthday, matanga, tunafanya zote."

"Mimi ni Mwangangi, baba Wayua. Mbuzi zako nimepata."

"Asante mzee! Umeona ile bandeji?"

"Nimeona. Sasa zile zinakula majani ziko wapi?"

Nikaweka makasi chini.

Kama wewe si wa huku: Ukambani kijana akitaka msichana, kwao wanapeleka mbuzi watatu. Inaitwa ntheo. Wakishapokelewa, huyo msichana ana mwenyewe. Ukimpelekea mzee mbuzi watatu wa karatasi, ama umeposa ama umemtukana.

"Mzee, mimi nilitengeneza mmoja!"

"Kuja uhesabu."

Nikaenda Ikutha.

Mzee alikuwa ameketi nje, mguu wa plasta juu ya kigoda, fimbo mapajani. Kando yake dada yake, shangazi Kalondu. Wayua alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni.

"Umekuja peke yako?" Kalondu akaniuliza. "Hata beberu wa karatasi amekuja na wenzake. Wewe umekosa hata mjomba?"

Mzee akanipatia kadi. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

Watatu kweli. Wa katikati ni wangu, ameinuka vizuri. Wale wawili wamelala bapa kama chapati, na ni wale wale niliharibu rangi. Chini ya kwato ya mmoja, gluu nyeusi imetokeza.

Nikamwangalia Wayua. Akaangalia juu.

"Leo jua ni kali," akasema.

Wueh! Hapo ndio nikaelewa. Nikisema ukweli, narudi Wote mzima, na Wayua anabaki kuitwa msichana aliyejiposa. Nikikubali, mimi ndio nimetania ntheo, na ile fimbo haiko mbali.

"Nani aliweka hawa mbuzi?" mzee akauliza.

"Ni mimi, mzee."

"Wote watatu?"

"Wote."

Akainua fimbo. Nikafunga macho. Sikusikia kitu. Nikafungua moja, nikaona fimbo imeelekezwa kwa kadi.

"Kijana, mimi nimenunua mbuzi kabla mama yako aolewe. Huyu ni wa boma lako. Hawa wawili ni wa boma lingine, hata kusimama hawajui." Akanyoosha kidole. Kilikuwa cheusi. "Na hii gluu ilinishika kidole na shavu, nikakaa nusu siku kama mtu anawaza. Kwa hii nyumba ni nani hubandika kope?"

Kalondu alicheka mpaka leso ikaanguka. Jikoni nikasikia sufuria imeporomoka.

"Sasa mzee, kama ulijua, uliniitia nini?"

"Kuona kama utamuuza. Mtu akimkana binti yangu juu ya gluu, njaa ikiingia si atamkana mchana?"

Nikamfuata Wayua. "Kwani hungeniambia tu?"

"Nikuambie saa ngapi, na wewe kila siku unanisomea hali ya hewa?"

Basi nikatafuta mbuzi za kula majani. Wawili nilipata kwa jirani. Wa tatu nikamnunua sokoni, beberu mrembo, ana kifua kama mwalimu mkuu. Siku ya siku nikaja na mjomba wangu Nyamai, nguo zimepigwa pasi, beberu mbele.

Mzee alimwona kwa lango. Aliruka kigoda na plasta yake, akakimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Mtoeni! Huyo ndiye! Nilimuuza nisimwone tena!"

Mbuzi wengine walipokelewa. Huyo alibadilishwa.

Funzo ni hili: ukipenda mtu, sema mapema, la sivyo atakusemea na gluu. Na kama unakata mbuzi wa karatasi, hesabu mabaki kabla mteja hajatoka.