Nilivyozoea Risasi za Bandia

Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa askari wenzangu huku juu ya mji wa Timau. Nilipotoka chuo kikuu niliajiriwa katika kituo cha wanyamapori, nikapewa nyumba ya mbao kando ya msitu. Askari walikaa pamoja kambini. Mimi msomi nilikaa peke yangu. Ili niruhusiwe kwenda nao doria, ilibidi kwanza nifaulu mtihani wa shabaha.

Sajini wa kambi alinipa bunduki na risasi tano za bandia, zisizo na baruti, nikajizoeze nyumbani.

"Kitu kisicholipuka kitanifundisha nini?" nilimuuliza.

"Digrii, wewe vuta tu. Maswali utauliza baadaye."

Mwezi mzima nililenga msumari ukutani. Bunduki ililia tik, kisha kimya. Kimya hicho kilinishinda, nikaanza kuisaidia bunduki kwa mdomo: "Puu!" Nikazoea hata nisijisikie.

Siku ya mtihani nilipiga risasi tatu za kweli, zote shabahani. Mlipuko ulimeza sauti yangu, nami nikajiona tayari niko doria. Sikujua kwamba ya nne sajini alikuwa ameweka bandia, aone kama huwa nashtuka kabla ya mlio.

Nilivuta. Tik.

"Puu!" nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Askari walianguka nyasini kwa kicheko. Mmoja alishika kifua, akajifanya nimemuua. Sajini peke yake hakucheka. Alichukua bunduki, akaitoa ile risasi ya bandia.

"Digrii," akasema polepole, "kwani hiyo nyumba yako iko kimya aje?"