Mtu wa Kumi na Mbili

Shihab bin Marzouq alisema uongo mmoja tu wa maana maishani mwake, akakaa nao miaka kumi na moja.

Aliusema mjini Ibra mwaka 1992, kwenye kikao cha klabu. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na saba, karani wa idara ya maji, mzaliwa wa Unguja aliyefika Oman mwaka 1974 na sanduku moja na mke mjamzito. Hakuwa mtu wa mbele. Vikaoni alikaa karibu na mlango. Siku hiyo vijana kadhaa waliomba klabu ianzishe timu ya hoki, kwa kuwa kila Ijumaa waliwatazama mafundi wa Kipakistani wakicheza kwenye changarawe kando ya wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, na wao wakatamani. Mwenyekiti, Bwana Turki, ambaye moyo wake wote ulikuwa kwenye kandanda, akawauliza, "Na nani atakufundisheni? Ibra nzima hapana mtu aliyewahi kushika fimbo ya hoki."

Vijana wakainamisha vichwa. Shihab hakupenda kuwaona vile. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi nimecheza Unguja. Timu ya skuli, mwaka sitini na tatu."

Ukweli ni huu. Mwaka ule alikuwamo katika timu ya skuli, jina lake liliandikwa kabisa ubaoni. Lakini lilikuwa jina la kumi na mbili, na hoki ya siku zile haikuwa na kubadilisha wachezaji. Waliingia kumi na mmoja, wakatoka kumi na mmoja. Akiumia mmoja, walimaliza kumi. Wa kumi na mbili kazi yake ilikuwa kuvaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi na kungoja mwenzake apate homa kabla ya mchezo. Msimu mzima hakuugua hata mtu mmoja. Januari ikaja na mapinduzi yake, timu ikatawanyika, na Shihab hakuwahi kuukanyaga uwanja.

Jioni ile ile ya kikao alikwenda kwa Bashir, fundi bomba wa idarani kwao, ambaye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika wale wa Ijumaa. "Nifundishe," alimwambia kwa Kiarabu chao cha kazini, "na usimwambie mtu."

Bashir hakuuliza sababu. Wakawa wanakutana nyuma ya bohari ya mabomba saa ya mapumziko, jua likiwa kali kama pasi. Bashir alimwonyesha namna ya kuugeuza mkono fimbo isipige hewa, namna ya kusimamisha mpira bila kuinua kichwa, namna ya kupanga watu kwa kona fupi, ile ya adhabu, akiweka vipande vya bomba badala ya wachezaji. Aliyojifunza Shihab mchana, jioni aliwafundisha vijana. Na Bashir alipokwenda likizo kwao, alirudi na fimbo kumi na sita kutoka Sialkot, zimefungwa ndani ya mfarishi.

Mechi ya kwanza ya ligi daraja la pili walicheza Sur, wakafungwa kumi na moja. Mwaka wa pili, Sur hao hao waliwafunga saba. Mwaka wa tatu waliwafunga moja tu, na vijana walirudi Ibra wakiimba kana kwamba wameshinda wao. Ushindi wa kweli ulikuja 1996. Mwaka uliofuata wadi ilijaa usiku mmoja ikachukua magoli yote mawili. La kwanza halikuonekana tena. La pili walilikuta katika shamba la mitende huko chini, mwenye shamba ameshaligeuza zizi, wakangoja ahamishe mbuzi wake kwanza ndipo wakalibeba.

Shihab alikuwa akiona raha ambayo hakuwahi kuiona ofisini. Vijana walimwita ami, waliozungumza Kiswahili na wasiozungumza, na wazazi wao walimsalimia sokoni kwa jina. Kisha, mwaka 1998, Nizwa nao waliingiza timu. Karatasi ya ligi ilipokuja, Shihab alisoma jina la meneja wao mara mbili. Thuwaini. Ukoo ule ule. Huyu ndiye aliyekuwa winga wa kushoto wa skuli mwaka sitini na tatu, jina la kwanza ubaoni.

Toka siku hiyo hakuhudhuria mechi ya Nizwa hata moja. Timu ikienda Nizwa, yeye ana homa, au kuna msiba, au harusi ya mpwa wake huko Al Qabil. Nizwa wakija Ibra, yeye ana safari ya kikazi Maskati. Mkewe Rahila, aliyelelewa Bujumbura na aliyekuwa na macho ya kuona mambo, alimwuliza mara moja, "Wewe na Nizwa mna kesi gani?" Shihab akacheka, akabadili maneno.

Ikafika 2003. Wachezaji walipungua, mmoja kaajiriwa jeshini, wawili wamehamia Maskati. Baraza la klabu likaamua kwamba timu ikimaliza mkiani msimu huo, itafutwa. Mechi ya mwisho ilikuwa Nizwa, siku ya Alhamisi, na walihitaji sare tu.

Jumatatu yake alikuja nyumbani Hazim, nahodha, mwalimu wa skuli ya msingi, ambaye Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake na hakikukamilika.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hazim hakunywa hata kahawa. "Ami, hii Alhamisi usigonjwa. Tafadhali. Vijana wanasema wewe roho yako imechoka na sisi, ndiyo hutaki kuja."

"Nani kasema hivyo?"

"Wote. Hata mimi kidogo."

Alipoondoka, Shihab alikaa barazani muda mrefu. Halafu akamwita Rahila, akamweleza yote, tangu ubaoni mpaka bohari ya mabomba. Rahila alisikiliza mikono iko mapajani. Shihab alipomaliza, Rahila alivuta pumzi ndefu na kufumba macho.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo."

"Kila Nizwa wakija, wewe mbio Maskati. Mimi miaka mitano nimekaa nikijua una mke wa pili huko." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na Shihab hakujua kama analia au anacheka. "Basi kawaambie. Waambie wewe kabla hawajaambiwa na mtu."

Alhamisi gari ya timu ilisimama Izki kutia mafuta. Shihab alisimama mbele, akashika siti kwa mikono miwili, akawaambia kwa Kiarabu ili wote wafahamu. Hakujitetea. Alisema hakucheza hata dakika moja, na kwamba aliwadanganya, na kwamba wakitaka mtu mwengine baada ya leo, atampa funguo za stoo kwa moyo safi.

Hazim akauliza, "Na yote uliyotufundisha, ulitoa wapi?"

"Kwa Bashir. Mchana ananifundisha, jioni nakufundisheni nyinyi."

Khalaf, kipa, aliyekuwamo toka mwaka wa kwanza, akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana Sur walitufunga kumi na moja," akasema. "Tulikuwa sote tumeanza wiki ile ile."

Mmoja akacheka, kisha wa nyuma yake, mwisho gari nzima. Mtu akauliza kama kuna wakati wa kunywa chai. Walikunywa chai.

Walipofika Nizwa, mzee mwenye ndevu nyeupe na miwani minene alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja, akitazama kila anayeshuka.

"Shihab wa Malindi?" aliuliza, kwa Kiswahili cha mjini Unguja kabisa.

"Ndiye mimi."

Thuwaini alimkumbatia asimwachie. Shihab akaanza, "Bwana, nina neno. Mimi huko Ibra nilisema kwamba nili..."

"Najua ulichosema. Mwaka ule wa kwanza niliulizwa na watu wako: kocha wetu kacheza Unguja, wamjua? Nikawaambia namjua, tulikuwa timu moja. Nimesema uongo?"

"Sikuingia hata mechi moja, Thuwaini."

"Hukuingia. Lakini hakuna mechi usiyokuja, na nguo zako zimenyooka kuliko zetu. Sisi tulicheza tukijua yupo mtu." Akavua miwani akaifuta. "Mimi nimekutafuta miaka mitano. Kila nikija Ibra, naambiwa yuko Maskati. Nikafikiri labda nilikuudhi utotoni na sikumbuki. Wallahi nimekuwa nikijiuliza nilikufanyia nini."

"Hukunifanyia kitu," Shihab alisema. "Hata kidogo."

Mchezo ulianza baada ya alasiri. Nizwa walifunga mapema. Kipindi cha pili Ibra walipata kona fupi, wakajipanga vile vile alivyopanga Bashir kwa vipande vya bomba, na Hazim akaupiga mpira chini ya fimbo ya kipa, ukaingia. Dakika za mwisho Khalaf aliokoa kwa mguu mara mbili mfululizo. Refa alipopuliza, matokeo yalikuwa sare, moja kwa moja. Shihab alikaa chini penye changarawe, na vijana wakamjia pale pale alipo.

Usiku timu nzima ilikula kwa Thuwaini, wali na nyama iliyookwa shimoni. Shihab alimpigia Rahila simu kutoka uani.

"Tumetoka sare. Timu imebaki."

"Na lile jambo?"

"Nimesema."

"Umekula?"

"Ndiyo tunakula."

"Basi kula uje."

Aliendelea kufundisha mpaka 2007, ambapo timu iliunganishwa na ya wilaya jirani na kupata kocha wa kulipwa. Miaka ile minne ya mwisho hawakupanda daraja wala hawakushuka. Nizwa wakija Ibra, Thuwaini alilala kwa Shihab, na Rahila alilazimika kuwafukuza barazani ili watu wa nyumbani wapate usingizi.