Siku Nilipoifukizia Ubani Nyumba ya Karatasi

Waliokuwepo siku ile ni hawa, nawataja kwanza ili asije mtu kusema Hajati Kaltuma anatunga. Alikuwepo Amuna, binti wa marehemu mwanangu Ramadhani, mwenye ofisi. Alikuwepo Wasswa, mchoraji wake, mume wa Harriet mshonaji. Alikuwepo Papa Riziki, Mkongo muuza vitenge, jina lake la kanisani Deogratias, na mkewe Mama Riziki, ambaye kwao anaitwa Nsimire. Alikuwepo Nalongo wa saluni ya jirani, mama wa mapacha Babirye na Nakato, na alikuja na mteja wake Prossy aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Na mimi nilikuwepo, na kuliko wote hao mimi ndiye ningefurahi kama nisingekuwepo.

Aibu naitoa mapema iniishe: nilichoma nyumba ya watu kabla haijajengwa.

Sasa ngojeni niwaeleze, maana mkisikia hivyo mtadhani nimerukwa na akili (Nalongo bado anadhani). Amuna kasomea kuchora nyumba, si maghorofa ya benki, nyumba za watu kulala na kupika, na zamani alikuwa na ofisi yake Naguru yenye mlango wa kioo, mpaka ikaja ile lokidauni na watu wakaacha kujenga, msingi ukishachimbwa unaachwa hapohapo, kuna mteja wake mmoja alipanda mahindi ndani ya msingi wa sebule na yakastawi. Basi akafunga Naguru, akaleta meza zake hapa kwangu nyuma ya Kabalagala, viti vyangu vikahamia barazani, na ukutani zile tabaga zangu, vifuniko vya chakula tunavyosuka sisi Wanubi kwa rangi, zikateremshwa zikapanda karatasi za ramani. Sikulalamika. Nililalamika kidogo.

Watu walipoanza kupumua tena walirudi mmojammoja, huyu anataka sebule ikatwe apate duka, huyu anataka gereji igeuzwe vyumba vya kupangisha, huyu choo tu, na Amuna alikichora kile choo kwa heshima ileile kana kwamba ni ikulu. Lakini choo hakilishi ofisi. Alikuwa ameniambia tukiwa tunachambua mchele, bila kuniangalia, kwamba iko kampuni Juba inamngoja awape jibu, na kazi ya nyumba ya Papa Riziki ikikwama anafunga anakwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba nzima ya kwanza tangu mambo yaharibike, nyumba yenye ghorofa, kiwanja upande wa Kyambogo. Mimi nimemzika baba yake. Sikuwa tayari kumsindikiza na yeye stendi ya basi.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa naiombea kazi ile, na hapo ndipo shetani aliponikuta.

Wasswa alikuwa ametengeneza kinyumba, mfano wa nyumba yenyewe, wa karatasi ngumu na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, mzuri mpaka nikakisogelea na miwani: madirisha yenye nondo, ngazi, jiko lenye bomba la moshi, na watu wadogo wamegundishwa mlangoni wakiwa kama wanakaribisha wageni. Alikiweka kwenye meza yenye tundu katikati, akapitisha taa ndogo kwa chini ili madirisha yang'ae, na mezani wakatandika kitambaa kirefu kinachofika sakafuni kuficha nyaya. Asubuhi Amuna akanionya kwa adabu zote, "Habuba, leo ubani hapana. Mama Riziki ni mtu wa kanisa, na moshi unamkohoza." (Habuba ndiyo bibi kwa Kinubi, wote humu mtaani wananiita hivyo hata wasio wajukuu.) Nikasema sawa.

Nilisema sawa na moyo ukakataa. Nyumba haiingiwi bure. Mama yangu Zenabu hakuweka hata sufuria kwenye nyumba mpya kabla ya kuzungusha chetezo pembe zote nne na kusoma anayoyajua, na nilipoolewa nami nikafanya hivyo, hata banda la kuku nililifukizia (wakataga, msicheke). Nikawaza, hawa watu wanaletwa kuonyeshwa nyumba ambayo haijapata hata moshi wa baraka, halafu tunashangaa kazi zinakwama? Nyumba ni nyumba, hata ikiwa ya karatasi, na tena ina watu mlangoni. Amuna na Wasswa walipotoka kwenda kuwapokea wageni barabarani nikatia makaa kwenye chetezo, nikamwaga ubani, nikakizunguka kile kinyumba polepole nikisoma, nikaelekeza moshi kwenye kila dirisha, nikawa nimefika upande wa jiko niliposikia Papa Riziki anacheka mlangoni.

Mtu mwenye akili angetoka na chetezo chake kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikisukuma chini ya meza, nikashusha kitambaa.

Lakini Mama Riziki alikuwa ametangulia kuingia, na alikuwa ameona. Ni mama mwembamba, mkimya, anayeshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akaniuliza taratibu, "Mama, ulikuwa unasema nini juu ya nyumba yetu?" Nikamwambia nafukuza mbu. Saa nne asubuhi, jua linawaka, nafukuza mbu. Aliitazama midomo yangu tu, na nikajua kabisa anachofikiri, maana moshi na kibibi anayenong'ona juu ya nyumba yako, hata mimi ningefikiri hivyohivyo.

Nikakimbilia jikoni kuchukua karkade, kinywaji chetu chekundu cha maua, nilikuwa nimekitayarisha jagi zima, na niliporudi Amuna ameshaanza kueleza, penseli mkononi, sauti yake nzuri, Papa Riziki anazunguka meza anasifu kwa nguvu, mkewe amesimama nyuma na mkoba wake. Amuna akafika jikoni mwa kinyumba. Akasema, "Na hapa mama akipika kwa mkaa, moshi hauji sebuleni, unatokea juu hapa."

Na moshi ukatokea juu hapo.

Wallahi, uzi mwembamba wa bluu, umesimama wima kwenye lile bomba. Papa Riziki akapiga makofi. Alidhani ni ufundi! Akamwita mkewe aje kuona, akasema Kampala imeendelea, hata karatasi inapika. Amuna naye akaendelea kutabasamu lakini akamnong'oneza Wasswa, "Hii uliiweka saa ngapi?" na Wasswa macho yamemtoka, akafikiri ni taa yake imeungua, akachomoa waya ukutani. Moshi ukazidi. Ukatoka madirishani, ukatoka mlangoni kwa wale watu wadogo, na mimi nimesimama na jagi, najua, ni mimi peke yangu duniani ninayejua, na ulimi umegoma. Mpaka leo nauuliza ulimi wangu, siku zote unasema usiyoulizwa, siku ile ulikwenda wapi?

Kitambaa ndicho kilichosema badala yangu. Kiliwaka kutoka chini, moto ukapanda kupitia lile tundu, na povu lile kumbe haliungui kama karatasi, linayeyuka na kunguruma, paa likazama ndani kama mkate wenye maji. Amuna akavuta ramani za mezani. Wasswa akavua kiatu akaanza kuipiga ghorofa, akaipiga mpaka ikalala juu ya sebule. Na mimi, kwa kuwa nilitaka kusaidia (ndiyo ugonjwa wangu huo, kusaidia), nikamwaga jagi lote.

Moto ulizimika, nisinyimwe haki yangu. Lakini karkade ni nyekundu, ndugu zangu. Ilitiririka kutoka kwenye yale madirisha ya nondo, ikashuka kuta nyeupe, ikajaa mlangoni walipokuwa wale watu wadogo, na wawili wakaelea. Wakati huohuo Nalongo akaingia na beseni la maji, na Prossy nyuma yake, nywele upande mmoja zimesukwa upande mwingine zimesimama, akaona wekundu ule akasema banange, wamechinja nini humu. Na chini ya meza, kitambaa kimekwisha, chetezo changu kimekaa wazi, kinafuka bila haya, kila mtu anakitazama, halafu kila mtu ananitazama mimi.

"Habuba," Amuna akasema. Hilo tu. Afadhali angenitukana.

Papa Riziki hakucheka tena. Akasema kumbe mnatufanyia mambo, akamtafuta mkewe waondoke, na mkewe hayupo. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa na Nalongo na beseni, hakuna aliyepita. Mimi nikaenda nyuma, kwa sababu ya kumtafuta na kwa sababu ya kukimbia macho ya watu, nisiongope, na nikamkuta uani kati ya kuku, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba kifuani. Alikuwa amepita jikoni kwangu, mlango wa nyuma, nyumba ambayo hajawahi kuingia maishani, na aliuona mlango ule kabla sisi wenyewe hatujakumbuka kwamba upo.

Nikaanza kuapa kwamba si uchawi, ni ubani, ni baraka kwetu. Akanikatiza.

"Najua ubani, mama. Si hiyo. Ni mara ya mbili naona nyumba yangu inaungua."

Nikakaa chini, kwenye udongo, na goti langu hili.

Akanieleza kwa maneno machache, nami nitayaacha machache. Kwao walikuja watu wakati wa vita wakachoma. Yeye alimbeba Riziki akapitia mlango ya nyuma, kama wanavyosema wao. Nyumba ya jirani haikuwa na mlango huo. Kuku mmoja akapita katikati yetu, naye Mama Riziki akasema, "Mu ile nyumba ya karatasi niliangalia vizuri. Mlango ni moja. Madirisha yote nondo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku zote zile wanazokuja. Akasema Papa Riziki anaogopa wezi, na yeye nani alimuuliza?

"Mimi sikukuuliza," ilikuwa sauti ya Amuna, amesimama mlangoni, uso una masizi, sijui alisimama pale tangu lini. "Nilimuuliza Papa Riziki peke yake." Nikaona mjukuu wangu, na shahada yake, anainamisha kichwa, na mimi na ujinga wangu nimeinamisha changu, tukawa wawili.

Mama Riziki ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akarudi ndani kwa njia ileile, akampita mumewe, akainama akaokota kwenye chetezo changu kaa moja lililozimika, akaenda ukutani kwenye ramani kubwa ambayo haikuungua, akatafuta jiko kwa kidole, na pale akachora mlango. Mweusi, umepinda, mkubwa kuliko sebule. Papa Riziki akasema, "Na bezi je?" (ndio wezi, kwa Kiswahili chao.)

"Mwizi anaingiaka, anabeba televisheni, anaenda," mkewe akasema. "Moto, Deo, haibebake televisheni."

Prossy wa nusu kichwa akasema kweli. Papa Riziki alisimama mbele ya ule mlango wa kaa kama mtu anayesoma barua ya kwao, halafu akamshika mkewe mkono wakatoka, hawakuaga, hawakusema ndiyo wala hapana, na Amuna akaanza kufuta karkade sakafuni, na mimi nilipotaka kumsaidia akasema tafadhali Habuba kaa.

Zile siku za kungoja sitazisimulia. Nilikuwa nikisikia simu ya Amuna nadhani ni Juba. Siku moja ikalia akaenda kuzungumza uani, akarudi, akachukua karatasi mpya, akaanza kuchora kwa kuanzia nyuma ya nyumba. Nikaingia jikoni nikalia ndani ya unga wa ngano, mandazi siku ile yalikuwa na chumvi.

Sasa nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Ina mlango wa nyuma, na nondo za chumba cha watoto zinafunguka kwa ndani, na siku hizi mteja akija Amuna anamtoa mume nje na chai yake kwanza, anakaa na mke peke yake. Mimi nimeapa mbele ya Wasswa (ambaye kiatu kile hakikupona) kwamba sitafukizia tena nyumba ambayo haijawekwa kitanda. Mama Riziki amenialika siku ya kuhamia. Amesema nije na ubani wangu, lakini nizunguke kwa nje, na yeye atanifuata na ndoo ya maji.

Na kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni, sitaona vibaya. Nalongo anasema yule hakuwa Prossy, alikuwa dada yake Prossy, Peruth, na kwamba alikuwa amesukwa robo, si nusu. Huenda. Hayo rekebisheni mnavyotaka. Ila la jagi msilipunguze, lilikuwa limejaa.