Wifi Yangu, Mbwa Wawili na Bakuli Moja

“Kila anayeingia humu anaziba pua kama nimeficha maiti! Mtoto huyo ana miezi miwili. Ulitaka anye wapi, chooni?”

Hayo alinirushia wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, na pini tatu mdomoni. Mimi nilikuwa mlangoni kwake, mguu mmoja juu, natafuta pa kukanyaga. Kando ya cherehani kulikuwa na matapishi ya njano. Chini ya meza ya kupigia pasi kulikuwa na rundo laini lenye minyoo, hai, inajikunja. Na katikati ya uchafu wote huo, kijibwa mwenye tumbo kama puto anatafuna mguu wa suruali ya shule ya mtoto wa watu.

“Sasa nifanyeje, wifi? Nivute hewa nishukuru?”

“Ungeshika tambara.”

“Tambara ashike mwenye mbwa.”

Wifi yangu ni fundi wa nguo mwaka wa ishirini na mbili huu, na chumba chake cha mbele ndicho cha kazi. Zamani hata kipande cha uzi hukukiona sakafuni kwake. Ila ana ugonjwa mmoja: akishaamua jambo, umlilie, umpigie magoti, harudi nyuma.

Kaka alipofariki alimwachia mbwa mzee, Bosi, wa kahawia, sikio moja limechanika. Miaka miwili yote Bosi analala mlangoni kumsubiri mtu asiyerudi. Wifi akasema mbwa ana upweke. Akaenda kituo cha mbwa waliotupwa, akasaini karatasi, akapewa kijibwa wa kulea wiki sita, mpaka apate nguvu na apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Alikuja ana viroboto wengi kuliko manyoya. Nikamwita Kiroboto, jina likamganda.

Na tangu aingie Kiroboto, Bosi akaacha kula.

Kosa lilikuwa la wifi mwenyewe. Ana dawa yake moja ya ugomvi: waliokosana anawapakulia sahani moja. Watoto wake walipokuwa wadogo, wakipigana tu, sahani moja. Mimi na yeye tulinuniana mwezi mzima baada ya mazishi. Akaniita, akaweka sahani moja mbele yetu wote wawili, tukala kimya mpaka tukagombania kipande cha mwisho cha nyama, tukacheka. Basi dawa ile ile akawapa mbwa. Bakuli moja, pua mbili.

Kiroboto aliingia bakulini na miguu yote minne. Akala, akapiga chafya humo, akatapika humo, akala tena alichotapika. Bosi alimtazama, akageuza uso kama mzee wa watu aliyemkuta mkwe anaoga, akarudi mlangoni. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Siku hiyo niliyoingia mimi ilikuwa ya nne, na mbavu za Bosi unazihesabu moja moja.

“Atazoea,” wifi akasema.

“Atakufa.”

Akatema pini kiganjani. “Usiniambie hivyo, wifi. Humu ndani ni huyo peke yake anayeijua saa ya kaka yako kurudi kutoka kazini. Ikifika, mpaka leo anainua kichwa.”

Nikainama nilitoe lile bakuli nje, maana harufu ilishanipanda kichwani. Ute ukanishika vidole. Nikaligeuza kumwaga, na kitakoni nikaona nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu. Alama yangu! Vyombo vyangu vyote naviwekea, visipotelee misibani.

“Wifi! Bakuli langu la enameli! Miaka miwili nakudai, unaniapia hulijui!”

“Nilisahau.”

“Umesahau, ukampa mbwa atapikie?”

“Mbona unakunja uso hivyo? Ni bakuli tu.”

“Ni bakuli tu? Haya, kula wewe kwanza.” Nikamsogezea puani.

Alichungulia. Mabega yakamruka, akaziba mdomo, akakimbilia dirishani. Alipogeuka alikuwa anamtazama Bosi, si mimi.

“Anaona kinyaa,” akasema taratibu.

“Kama mimi. Tuko wawili humu wenye akili.”

Nikalisugua bakuli kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu, nikikunja pua mpaka mwisho. Wifi akapakua wali na ini. Kiroboto akapewa chake kwenye sahani ya plastiki iliyopasuka, kule nyuma ya cherehani, pamoja na dawa ya minyoo ya kituoni, ambayo fundi wetu alikuwa ameihifadhi kwenye boksi la vifungo. La Bosi nikaliweka mlangoni, pale pale anapolala.

Alinusa ukingo wote, mzunguko mzima. Kisha akala. Alikula kwa kelele, mate yanadondoka, akalamba mpaka bakuli likasukumwa ukutani, halafu akaja kunifutia mdomo kwenye sketi yangu safi. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka, kamasi hizo.

“Nitakununulia jingine, wifi yangu.”

“Usininunulie. Deni limekwisha. Na ole wako siku moja unipakulie humo.”