Siku niliyorudi kinyumenyume kumkwepa mama mkwe, nikatumbukia kisimani chini ya maji (Nachingwea, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo, msihangaike kuandika moja moja. Nina miaka themanini na kitu, na hicho kitu chenyewe ni kikubwa. Ninayosimulia yamenipata mimi mwenyewe. Asiyeamini aendelee na nyuzi za mpira.

Joto hili naona humu kila asubuhi mnapost picha, "bichi iko poa leo". Mnaandika mawimbi, mnaandika jua, mnaandika nani anauza mihogo ya kukaanga. Hakuna anayeandika chini ya maji kuna nini. Ndiyo maana nimevaa miwani niandike mimi.

Bichi yangu mimi ilikuwa Nachingwea. Najua, Nachingwea haina bahari. Tulieni.

Nilitoka kwetu Malolo, upande wa Ruangwa, nikapata kazi ya utingo wa trekta kwenye mashamba makubwa ya karanga. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma kwenye jembe, kula vumbi, na kuruka chini kisiki kikinasa. Joto la kule kabla ya mvua, mnaolijua mnalijua. Chuma cha trekta hukishiki bila kitambaa.

Jirani na kambi yetu, kuelekea Nambambo, kulikuwa na kijito cha mchanga. Kiangazi kinakauka, na akina mama wanachimba visima mlemle mchangani, kila nyumba na chake. Mashamba yalipokuja na mapipa ya mafuta, wakapata maarifa mapya. Pipa tupu linakatwa juu na chini, linazamishwa shimoni, mchanga haubomoki tena. Kazi safi kabisa.

Kisha akaja mtu na buldoza, akaziba kijito kwa tuta la udongo ili kambi ipate maji. Mvua zikanyesha, maji yakajaa, yakafunika mchanga, visima na mapipa yake. Hakuna aliyeyang'oa.

Ndivyo tulivyopata bwawa lenye ufukwe mweupe. Vijana tukitoka kazini tunakwenda kuoga. Nasema kuoga, sisemi kuogelea. Wengi wetu hatukujua kuogelea, tulikuwa tunasimama majini kama ng'ombe mpaka joto litutoke.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye usalama wenyewe.

Pampu ya kambi inanyonya maji, na jua nalo linanyonya. Kila siku ukingo unashuka. Pale ambapo juzi palikuwa na kina cha kuogopwa, leo ndipo watu wanaposimama. Visima haviendi popote.

Akina mama walilijua hilo. Asubuhi wakija kuchota wanapeana habari, leo maji yamefika kwa mama fulani, yaani ukingo umefika kwenye kisima chake. Sisi wanaume tunapita na majembe yetu, hatuulizi. Maji tuliyaona ni mambo ya jikoni.

Jambo la pili ni mkwe.

Nilikuwa nimeposa binti wa kijiji kile, Somoe. Posa imepokelewa, harusi tunangoja mavuno. Nyie siku hizi mnakula meza moja na mama mkwe, mnampigia hadi video. Kwetu wakati ule mkwe anaepukwa. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Humsemeshi, hakusemeshi, ujumbe unapita kwa mtu wa kati. Jina lake hulitaji. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Hata leo jina lake siliandiki hapa, na amefariki zamani.

Jumamosi moja tumetoka kazini mchana, wenzangu wakalala uvunguni mwa trela. Mimi nikaenda bwawani peke yangu. Nikavua kila kitu, nikaingia maji ya kiunoni. Raha mustarehe.

Nikasikia debe linagonga. Kutazama njiani, mama mkwe anateremka.

Wakuu, hebu niwekeni kwenye mizani. Nguo zangu ziko mchangani, karibu na miguu yake. Porini sifiki bila kupita mbele yake. Kilichobaki ni maji. Basi nikainamisha macho, nikaanza kurudi kinyumenyume kwenye kina, taratibu, adabu tele, nia yangu kibaki kichwa peke yake.

Yeye aliniona, na aliona ninakoelekea. Nilikuwa nakifuata kisima chake mwenyewe, alichokichimba kwa mikono yake. Na kuniita hawezi.

Akakohoa.

Mimi nikajua ananiharakisha nimpishe. Nikaongeza mwendo.

Hatua iliyofuata haikuwa na chini. Niliingia kwenye pipa kwa miguu, wima, maji yakanifunika kichwa. Ndani kuna ukoga wa kijani, unateleza kila unaposhika. Nikakanyaga chini nikaibuka, nikameza maji, nikazama tena. Nikaibuka mara nyingine. Nilikuwa naona jua, halafu sioni.

Nilipoibuka tena yule mama alikuwa majini mpaka kifuani. Amevua kanga ya juu, kaikunja kama kamba, kanirushia ncha yake.

Nitawaambia ukweli wangu. Nilisita. Nazama, nami nawaza mtu anashikaje kanga ya mama mkwe wake.

Ndipo akasema. Sauti yake sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile.

"Shika, we mwanaume! Adabu tutaitafuta nchi kavu!"

Nikashika. Nikafumba macho, nikavutwa. Mama yule alikuwa mwembamba, sijui nguvu ile aliitoa wapi. Nilitambaa mpaka mchangani nikatapika, macho bado nimefumba. Nilipofumbua ameshaondoka, nguo zangu zimewekwa karibu na mkono wangu.

Bahati mbaya nyuma yake walikuwa wanakuja wanawake wengine wawili. Kabla ya alasiri kijiji kizima kinajua.

Jioni mjomba wa Somoe akaita kikao. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Wazee wakasema mkwe kaonekana uchi, kashika nguo ya mkwewe, wamesemezana. Mmoja akasema ndoa ya namna hiyo imeshaharibika mapema, posa irudishwe, binti atafutiwe mtu mwingine.

Mimi nimekaa pembeni kwenye kigogo, siulizwi kitu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisimani. Nilimpenda Somoe, sina maneno mengine ya kulieleza. Kule majini nilikuwa napigania pumzi, hapa nangoja watu wengine waamue kama nitakuwa na mke.

Mama mkwe yuko nyuma ya uzio wa jiko na wanawake wenzake. Kikaoni haingii, maana mimi nipo. Akamtuma mdogo wake. Yule akaja akasimama mbele ya mjomba, akasema, "Dada yako anauliza. Kama angemwacha pale majini, jioni hii mngekuwa mmekaa kikao cha nini?"

Yule wa kurudisha posa akaanza kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Mjomba akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza akasema harusi iko palepale, na kwamba vijana wa kambini wanaooga bila kuuliza ni wajinga. Hilo la pili nililikubali bila kinyongo.

Nikamuoa Somoe. Mama yake hakunisemesha tena mpaka anaingia kaburini. Tukikutana njiani mimi porini, yeye na safari yake.

Somo langu ni fupi. Maji ya jana si ya leo, hasa joto likizidi na kina kikishuka. Usiingie peke yako. Muulize anayeyatumia maji yale kila siku, hata kama ni mtu usiyezoea kumuuliza. Na ukiona mtu anakukoholea, simama kwanza.

Kabla sijawaachia uwanja. Joto lile liliendelea majuma kadhaa, nami nikarudi kuoga, maana hapakuwa na mahali pengine. Nikawa namkuta mama mkwe amekaa mchangani, kanipa mgongo, katika jua la saa saba, hana kivuli. Nikajua anangoja nitoke ndipo achote. Nikawa najiharakisha kwa heshima yake.

Siku moja nikatazama vizuri. Debe lilikuwa pembeni yake, limejaa zamani, na majani ameshayaweka juu ili maji yasimwagike njiani.

Nilitoka majini nikalia, mwanaume mzima. Naye hakugeuka.

Haya, nyie mnaokwenda bichi kesho. Nani atakaa pale mpaka mtoke? Andikeni hapo chini, nasoma zote, polepole.