Meno ya Plastiki

Kule Basotu, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, tulikuwa na karakana, zahanati na kombaini kubwa kubwa, lakini daktari wa meno hakuna. Ukitaka kuonwa meno, unakwenda Katesh, ukiombea umkute.

Binti yangu mkubwa hakuumwa jino. Chonge lake la kulia lilikuwa limeota juu kabisa kwenye ufizi, la kushoto halikuota, pakabaki pengo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake walimsimanga mpaka akaacha kwaya. Iliniuma sana, nikapanga kumpeleka Katesh.

Wiki hiyohiyo mdogo wake wa miezi sita akawa anaharisha, na homa juu. Mama mkwe akamfunua mdomo, akaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi.

"Meno ya plastiki hayo," akasema. "Kesho yule mama wa kule Hirbadaw atakuja kuyatoa."

Ndivyo tulivyoamini: hayo ni meno mabaya, yachimbwe kwa spoku ya baiskeli kabla hayajamuua mtoto. Nikajibu, "Haya, mama." Nani angebishana na mama mkwe? Kesho yake asubuhi, kabla yule mama hajafika, nikambeba mtoto mgongoni maana ananyonya, tukapanda lori la ngano na dada yake kwenda Katesh.

Daktari alikuwa kijana mpole. Binti akamwamkia shikamoo, akakaa, akafungua mdomo. Daktari akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, huyu alitolewa meno ya plastiki alipokuwa mchanga?"

"Hapana, daktari."

Wanasema njia ya mwongo fupi. Mimi yangu niliiona ndefu tu, nikajikausha.

Akanieleza kwamba wapo wanaobanana meno kwa sababu taya ni dogo, na wapo waliong'olewa ya utotoni mapema mno. Lakini kile kivimbe cheupe, akasema, ndilo jino lenyewe la utotoni, na chini yake limelala la ukubwani. Ukichimba unaliumiza, likija linakuja kombo, au haliji kabisa. Kuyanyoosha kwa waya ni kazi ya hospitali kubwa za mbali, yeye hakuwa na vifaa. Kisha akamgusa mtoto mgongoni mwangu. "Na huyu haharishi kwa sababu ya meno. Chemsha maji yake, mpitishe zahanati leo."

Nikampitisha. Tulipofika nyumbani, yule mama wa kule Hirbadaw alikuwa amekaa na mama mkwe, spoku imeshanolewa.

"Mlete tumalize," mama mkwe akasema.

"Hapana, mama."

Loo! Tangu niolewe sikuwahi kumwambia neno hilo.

"Hapana? Huyu mkubwa si tulimtoa meno hapahapa? Alikufa?"

Binti alikuwa nyuma yangu, anasikia. Ningenyamaza, mtoto angeshikwa. Niliona aibu, lakini nikasema.

"Hakufa. Mtazameni mdomo wake. Tulimharibu wenyewe. Huyu hatolewi."

Binti akanizunguka, akasimama mbele yangu.

"Mama, mbona ulimwambia daktari hapana?"

Nikaikaza kanga iliyombeba mdogo wake.

"Nani alinishika?"

"Mimi," nikamwambia. "Nilikushika kichwa."

Hakulia. Alifungua kanga, akamtoa mdogo wake mgongoni mwangu, akaenda kukaa naye nje, mbali na sisi wote watatu.