Pazia la Mkwe Nyuma ya Trela

Harufu ya grisi hunirudisha Neasden, kwenye kijiuwanja cha mbele ya nyumba yetu, ambako baba yangu alikuwa akichuchumaa nyuma ya gari na kipande cha fulana kuukuu mkononi, akilisugua tufe la chuma la kuvutia trela mpaka liwe kavu kabisa. Kiangazi kile grisi ilikuwa adui yake. Kiungo kipya alichonunua cha kuishikiza trela kwenye gari kilikuwa na pedi za kulibana lile tufe ili trela isiyumbe njiani, na pedi hizo hazitaki mafuta hata kidogo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi mchana kweupe.

Trela yenyewe ilikuwa ya kulala: vitanda, jiko dogo, meza ya kukunja, na upande wa nyuma pazia la maua. Baba aliinunua kwa ajili ya bibi yangu, mama yake mama, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Lushoto. Bibi alisema nchi hii ya Waingereza imelala bapa kama sinia, na hataki kurudi kwake kabla hajaona mlima. Habari za hoteli hakutaka kuzisikia, kwa kuwa hawezi kulala kitanda ambacho hajui jana kalala nani. Kwamba hata trela ile ilikwisha kulaliwa na watu, hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Baba akaahidi kumpeleka Wales, milimani, kabla ya safari yake ya kurudi.

Bibi akaingia kwenye trela na kujichagulia kitanda cha nyuma kabisa. Chini yake akapanga gunia la mchele, sufuria kubwa ya shughuli, kinu cha mawe tulichomnunulia madukani Tooting, na madumu ya maji ya bombani kwetu, maana tumbo lake lilikuwa limeshazoea maji ya Neasden na hakutaka kulisumbua tena. Akasema hatatengana navyo, kisha akavuta pazia. Tangu hapo nyuma ya trela pakawa chumbani kwa mkwe, na baba hakukanyaga. Kwao mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake, hagusi mzigo wake, wala hamwambii asogeze chochote. Mama alilelewa hivyo hivyo, wala hakuona ajabu.

Jumamosi moja tukaijaribu barabarani, tukiwa sote ndani ya gari. Tulipoongeza mwendo, na lori likatupita, trela ikaanza kutikisa mkia. Ikaenda kulia, ikaenda kushoto, na gari letu likaifuata. Baba akaachia mafuta taratibu mpaka ikatulia. Mama alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Baba Rehema," alisema, "kitu hiki kikiyumba tena kwenye motorway, mama yangu hapandi. Milima ataiona kwenye simu."

 Bibi aligeuza uso dirishani, na mimi niliyekaa ubavuni mwake niliona midomo yake inatetemeka. Nilimhurumia sana.

Ndipo baba akazama kwenye vyuma. Wakati wa chakula cha jioni alitufundisha kwa kijiko na bonge la ugali. Kuna kiungo cha kugawa uzito, alisema, chenye fito za chuma zinazokazwa ili mzigo unaokandamiza mgongo wa gari usambae mpaka magurudumu ya mbele. Hicho kinamfaa mwenye trela nzito puani. Na kuna kiungo cha kuzuia kuyumba, ambacho hakigawi chochote, kinabana tu. Alilinganisha, akasoma, akatazama video za Wamarekani wenye kofia, akarudi kwenye kijiko. Mama alisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mimi niliamini baba yangu anapenda vyuma kuliko watu.

Kumbe alikuwa anajua kinachoiyumbisha. Nilimwona mara nyingi akiinua pua ya trela kwa mkono mmoja, nayo ikiinuka kirahisi, kwa kuwa uzito wote ulikuwa umekaa mkiani, na trela nzito mkiani huyumba. Kila alipoiinua alitupa jicho ndani kupitia dirisha la mbele, mpaka kwenye pazia la maua, halafu akatazama chini. Hata fundi aliyetuuzia kile kiungo cha kubana alimuuliza kwa Kiingereza kama huko nyuma kuna kitu kizito. Baba akajibu, "Vitu vya mama tu," kisha akauliza bei ya fito.

Tukajaribu tena na kiungo kipya, tufe likiwa kavu. Safari hii ilitikisika kidogo, lakini ilitikisika. Mama alishuka, akaingia ndani kuchemsha chai. Baba alibaki amekaa juu ya pua ya trela, mikono imening'inia. Bibi alikuwa amepanda kwenye trela kujinyoosha, nami, nikiwa mlangoni, kwa uwazi mdogo wa pazia nikamwona anamtazama mkwewe kupitia dirisha la mbele, akamtazama kitambo kirefu. Kisha akaniita.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako aje atoe gunia na hiyo sufuria. Na kinu. Na maji. Vinaninyima pa kuweka miguu. Aviweke kule katikati, chini, usawa wa magurudumu."

Nilimuuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kama si yeye aliyesema hatatengana navyo. Akaniambia nisimchoshe.

Wiki iliyofuata tulikwenda Wales, na trela ikatufuata kwa utulivu njia nzima. Bibi alipoiona milima yenye ukungu na kondoo alishuka, akajifunga khanga ya pili, akasema, "Kumbe wanayo, wameificha." Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka mingi nilihadithia watu kwamba kiungo cha baba ndicho kilichotufikisha, na baba hakunisahihisha.

Bibi alifariki Lushoto nilipokuwa chuo. Baada ya msiba baba aliamua kuiuza trela, nami nikaenda kumsaidia kuisafisha. Nilimkuta amesimama ndani, ndoo mkononi, mbele ya lile pazia la maua. Hakujua kama nipo mlangoni.

"Hodi, mama," alisema.

Alingoja. Hapo ndipo nilipoelewa zile jioni zote za kijiko na ugali, na ile miguu ya Bibi iliyokosa nafasi ghafla. Baba akageuka, akaniona, akanipa ndoo.

"Ingia wewe, Rehema," akasema. "Mimi huko siwezi."